Maji ya Barabara, Udongo wa Shamba: Nani Awajibike?
Kijitabu cha elimu kwa wakulima wa majani chai, Kericho na Bomet

Udongo unaondokaje?
Chai iliyofunga vizuri hulinda udongo: matawi yake hukinga matone ya mvua, na majani yaliyopogolewa hufunika ardhi. Hatari iko kwenye miche michanga, kwenye vijia vya wachumaji na, zaidi ya yote, chini ya kalvati. Maji ya kipande kizima cha barabara yakimwagwa mahali pamoja, hukata mfereji wenye upana wa jembe. Misimu michache baadaye, umekuwa korongo na mizizi ya chai inaning'inia.

Tope hilo huenda mbali. Maji ya mito Itare na Kipsonoi huingia Mto Sondu hadi Ziwa Victoria, ambako rutuba iliyosombwa mashambani hunenepesha magugumaji ya Ghuba ya Winam. Mto Nyangores, unaopita mjini Bomet, huungana na Amala na kuwa Mto Mara, unaovuka hadi Tanzania.

Ofisi ipi inahusika?
- Serikali ya kaunti: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi barabara za kaunti, pamoja na kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi udongo na maji.
- KeNHA (Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa): barabara kuu za kitaifa.
- WRA (Mamlaka ya Rasilimali za Maji): usimamizi wa mito na vyanzo vya maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016.
- NEMA (Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira): kusimamia Sheria ya Mazingira ya 1999. Inaweza kumwamuru aliyeharibu mazingira ayarekebishe.

Mwenye barabara ndiye mwenye maji yake. Kuchimba mtaro bila kuyatafutia maji njia salama hadi mtoni ni kazi iliyoachwa nusu.

Na mkulima je?
Panda kwa kufuata kontua. Tandaza matandazo kwenye chai changa. Weka matuta ya fanya juu au mistari ya nyasi ya Napier penye mteremko. Usilime ukingo wa mto: acha angalau mita 6, na usipande mikaratusi hapo. Usizibe kalvati usiku, kwani maji yatakata barabara au kuangukia shamba la jirani, na lawama itakuwa yako.

Korongo likianza, fanya hivi
1. Piga picha kabla na baada ya mvua. Andika tarehe, jina la barabara na wadi.
2. Ulizia kwa msimamizi wa wadi barabara hiyo iko chini ya nani.
3. Andikia ofisi husika barua, ikiwezekana pamoja na majirani. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.
4. Omba mchoro wa mitaro na ripoti ya athari kwa mazingira, kama ipo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21.
5. Wakinyamaza, peleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti, au malalamiko NEMA.
6. Mwisho kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 70 cha Katiba hakikudai uthibitishe kwamba wewe binafsi umepata hasara.

Anza mapema. Mfereji mdogo hutibiwa kwa mawe na nyasi. Korongo lililokomaa huhitaji mhandisi na bajeti, na bajeti ya kaunti hupangwa kabla ya Julai. Mkutano wa maoni ya umma ukiitishwa katika wadi yenu, nenda na ile barua yenye muhuri.