Nyama ya Kusaga ya Thailand

Watu wa Isan, kaskazini-mashariki ya Thailand, hupika nyama ya kusaga iitwayo labu. Haitiwi mafuta wala nyanya.

Kwanza kaanga vijiko 2 vya mchele mkavu, bila mafuta, mpaka uwe wa kahawia. Utwange kinuni. Unga huu ndio utamu wa labu, usiuache.

Sasa tia nusu kilo ya nyama sufuriani na maji kidogo. Koroga. Wako wanaoila mbichi. Usiwafuate! Nyama mbichi ya ng'ombe au ya nguruwe huweza kukuambukiza tegu. Ipike mpaka wekundu wote uishe.

Epua. Changanya unga ule, ndimu, chumvi, pilipili, vitunguu na majani ya nanaa.

Wenyewe huila kwa wali wa kunata, wakiumega kwa mkono kama tumegavyo ugali.