SOMO: ULEVI NA TIBA YAKE

Ifahamike kwamba ulevi haukuharimishwa mara moja. Kwanza madhara yake yalibainishwa. Kisha mlevi akakatazwa kuikaribia Sala. Mwisho, katika Sura ya Maida, aya ya 90, ukakatazwa kabisa.

Serikali ya Tanzania nayo ina njia mbili. Kwa sharia ya mwaka 2015 huwaadhibu wauzao madawa ya kulevya; na tangu 2011, hospitalini Muhimbili, waliotekwa na heroini hunyweshwa methadoni kila siku mbele ya mhudumu.

Lakini pande za Mbwemkuru, Nachingwea na Ruangwa, mabibo ya mikorosho hugeuzwa uraka, na methadoni haimfai mlevi wa uraka. Jee, afukuzwe? La. Auzaye azuiwe, anywaye auguzwe. Na arudiye asifungiwe mlango wa msikiti.