Msalaba, Shetani na Kicheko

Jina la kitabu pekee latosha kuwagawa watu wa nyumba moja. Mama akiona juu ya meza ya mwanawe kitabu kiitwacho Shetani Msalabani, huuliza kama ni kitabu cha kukufuru. Mwana hujibu kwamba ni hadithi ya kuchekesha juu ya wezi. Kila mmoja ameshika upande mmoja wa neno, na mabishano ya namna hii hayana mwisho ikiwa kitabu chenyewe hakifunguliwi. Basi na tukifungue.

Mtungaji wake ni Ngugi wa Thiong'o, mwenyeji wa Limuru nchini Kenya, aliyefariki mwezi wa Mei 2025. Mwishoni mwa 1977 alikamatwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza uliochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, akawekwa katika gereza la Kamiti bila kuhukumiwa mpaka Desemba 1978. Humo gerezani aliitunga hadithi hii kwa lugha ya Kikikuyu, akiiandika juu ya karatasi za chooni. Ilichapishwa 1980, na kwa Kiswahili 1982. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi ilivyosomwa: jamaa walikutanika jioni, ajuaye kusoma akawasomea wasiojua. Katika vilabu vya pombe msomaji alinyamaza penye utamu hasa, mpaka asikilizao wamjazie bilauri yake. Ni vitabu vichache vya Afrika vilivyopokewa hivyo.

Hadithi yenyewe yamhusu msichana Wariinga, aliyeharibiwa na tajiri mzee akiwa bado mwanafunzi, kisha akafukuzwa kazi kwa sababu alimkataa bwana wake. Safari yake yamfikisha katika pango la Ilmorog, ambamo kuna mashindano ya kuchagua mabingwa saba wa wizi na unyang'anyi, mbele ya wageni kutoka nchi za nje. Kila mshindani apanda jukwaani na kujisifu kwa mali aliyoiba, magari yake na wanawake wake. Mmoja asema itafaa kuuza udongo katika vyungu na hewa katika makopo. Mwingine ataka kiwanda cha viungo vya mwili, ili matajiri wawe na mioyo miwili na wasife. Akatokea pia mwizi wa kuku, maskini aibaye kwa njaa. Huyo alizomewa na kutupwa nje, kwa kuwa wizi wake wawaaibisha waheshimiwa. Atakayesoma sehemu hiyo asicheke, sijui atacheka wapi.

Sasa tuje kwenye jina, maana hapo ndipo penye ugomvi. Katika ndoto ya Wariinga, watu waliovaa matambara wamtundika Shetani msalabani. Baada ya siku tatu waja watu wenye suti na tai, wamshusha kwa siri, wampigia magoti na kumwomba awagawie hila zake. Aliye juu ya msalaba ule si Bwana wetu. Ni adui yake, na waliomfufua ni watu wa heshima, labda wenye viti vyao mbele kanisani. Hiyo si kufuru. Ni shitaka, na padre yeyote aliyehubiri Kwaresima hawezi kulikataa.

Hata hivyo wenye kulalamika hawana makosa yote. Ngugi hakuwa rafiki wa Kanisa. Mwaka 1970 aliwaambia wazi Wapresbiteri waliokutanika Nairobi kwamba yeye si Mkristo. Katika kitabu hiki mfano wa talanta wapinduliwa kichwa chini miguu juu, na mshindani mmoja ataka makanisa yajengwe ndani ya shamba la watumwa, ili wafundishwe kwamba kunyonywa ni mapenzi ya Mungu. Jambo hilo lachoma. Lakini tujiulize kwanza kama lachoma kwa kuwa ni uongo, au kwa kuwa wako waliopata kufundisha hivyo.

Ugomvi kama huu umepata kutokea hata baina ya Wakatoliki wenyewe. Evelyn Waugh, Mwingereza aliyeingia Kanisa Katoliki 1930, alizuru Uhabeshi, Unguja na Kenya, na mwaka 1932 akatoa riwaya ya kejeli, Black Mischief, juu ya kisiwa cha kubuni alichokiita Azania, jina la kale la pwani yetu hii. Mwishoni kijana wa Kiingereza ala karamuni, pasipo kujua, nyama ya mpenzi wake. Mapema mwaka 1933 mhariri wa The Tablet, gazeti la Kikatoliki la kila juma huko London, alimshutumu vikali. Wakatoliki kumi na wawili, mapadre miongoni mwao, wakatia sahihi barua ya kumpinga mhariri huyo. Kwa maoni yetu Waugh alistahili kutetewa asizibwe kinywa, lakini kicheko chake ni cha mpita njia. Aliwacheka Waingereza pia, ni kweli, ila Waafrika wake ni vikaragosi. Ngugi awacheka watu wa nyumba yake, kwa lugha yao, nao wakamsikiliza. Tofauti hiyo si ndogo.

Hapa Mtwara kuna ukurasa mmoja wa kitabu hiki usiosomeka kama usomekavyo Nairobi. Mshindani yule yule wa makanisa ataka kukamua damu na jasho la wafanyakazi, kisha kuvipeleka nchi za nje kwa mabomba kama mafuta. Nasi tuna bomba letu, lipelekalo gesi Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zaidi ya 500, lililozinduliwa 2015. Mwezi wa Januari na wa Mei 2013 palitokea ghasia kwa ajili yake. Nyumba zilichomwa, watu wakafa. Msomaji mmoja atasema mtungaji alitabiri. Mwingine atajibu kwamba ndani ya bomba hili mna gesi iwashayo taa za nchi nzima, hamna damu. Sisi twasema kejeli ni kama kioo kikuzacho: chaonyesha jipu lilipo, lakini hakipimi ukubwa wake. Aliyeuliza kusini itapata nini alikuwa na swali la haki. Aliyewasha moto nyumba ya jirani hakulijibu. (Mtwara, kwa kweli, haihitaji mtunzi wa kejeli: bandari hii ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947 ukafa 1951, gati likakamilika karanga zikiwa zimekwisha kusahauliwa, na reli ya Nachingwea ikang'olewa.)

Wazazi huuliza kama kitabu kimekatazwa. Tangu 1966 ile Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa haina tena nguvu ya sheria katika Kanisa, na kazi ya kuchagua ni ya baba na mama. Mtoto wa shule ya msingi asipewe. Mna habari za uzinzi na za kutaka kujiua. Kijana wa kidato cha tano na asome, ila mzazi naye asome, wazungumze.

Wazungumze hasa juu ya sura ya mwisho. Humo Wariinga amtambua yule tajiri mzee kuwa ndiye baba wa mchumba wake, ampiga risasi, na kicheko chakoma ghafula. Hapo sisi twaachana na mtungaji, kwa sababu ya amri ya tano. Lakini tumtendee haki: hakusema kwamba pango la Ilmorog lilifungwa siku ile. Amwonyesha Wariinga akienda zake bila kutazama nyuma, akijua kwamba mapambano yaliyo magumu kuliko yote bado yako mbele.