SOMO: NGUVU YA KIINI MACHO IKO WAPI?

Wanafunzi wengi wanauliza: mtu wa kiini macho anapata wapi nguvu zake? Wengine wanajibu: katika dawa. Wengine wanasema: katika wepesi wa mikono. Majibu haya hayatoshi. Sehemu kubwa ya nguvu ile inatoka kwetu sisi watazamaji: katika macho yetu, sauti yetu na midomo yetu. Na kwetu Ubwari, na Fizi nzima, jambo hili si mchezo tu. Tutaona sababu gani.

1. Watazamaji wanafanya kazi gani?

Mtazameni mtu wa vikombe vitatu sokoni. Yeye anatazama mkono wake wa kuume, nasi wote tunautazama. Kumbe mkono wa kushoto unafanya kazi yake. Anatuchekesha, na wakati tunapocheka hakuna anayechunga. Yule anayeshinda pesa kwanza, mara nyingi ni mwenzake aliyejificha kati ya watu. Tunapiga makofi, na mwenye franka zake anazitoa. Ondoeni makofi na kicheko: vinabaki vikombe na mkono tu. Ni kama hadisi ya jioni: mtoa hadisi anaita, wasikilizaji wanaitikia. Wasipoitikia, hadisi inalala.

2. Sanduku la Algeria

Katika mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Robert-Houdin, fundi mkubwa wa kiini macho, kule Algeria. Alitumwa kusudi awaonyeshe wakubwa wa Waarabu kwamba nguvu za Wafaransa zinapita zile za watu wao wa miujiza. Alileta sanduku dogo. Alimwita mtu hodari kutoka kati ya watazamaji, naye akaliinua bila shida. Kisha Robert-Houdin akamwambia: sasa nimekuondolea nguvu zako. Yule hodari akavuta, akatoka jasho, sanduku halikutikisika.

Ninyi mliosoma fizika mmekwisha kufahamu: chini ya sanduku kulikuwa chuma, na chini ya jukwaa sumaku ya umeme. Lakini angalieni vizuri. Sumaku ilishika chuma tu, haikumgusa mtu. Ni watazamaji walioona hodari wao akishindwa, wakaamini kwamba nguvu zimemtoka mwilini. Sumaku ilifanya nusu ya kazi. Woga wa watu ulimaliza nusu nyingine.

3. Farasi wa Berlin

Kule Berlin, mwalimu mmoja wa hesabu, Wilhelm von Osten, alikuwa na farasi jina lake Hans. Katika mwaka 1904 sifa zake zilienea sana. Ukimwuliza tatu na nne ni ngapi, alipiga mguu chini mara saba. Watu wakubwa walichunguza, hawakuona udanganyifu. Ndipo Oskar Pfungst akapima mambo polepole, na katika mwaka 1907 akaandika aliyoyaona. Kama mwenye kuuliza mwenyewe hakujua jibu, farasi alikosea. Kama farasi hakumwona mwenye kuuliza, alikosea vilevile. Kumbe Hans hakujua hesabu. Alipofika kwenye hesabu ya kweli, mwenye kuuliza alitikisa kichwa kidogo sana bila kujijua, na farasi akasimamisha mguu.

Shikeni neno hili: hakuna aliyesema uongo. Watu walimpa farasi jibu, kisha wakashangaa kulipokea kwake.

4. Kioo cha mgeni

Sasa tuje karibu. Katika miaka ya 1930 vijana walioitwa bamucapi walitoka Nyasaland, inchi inayoitwa leo Malawi, wakapita katika vijiji vya Zambia ya leo. Waliwapanga watu kwa mistari, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Kila mtu alipita nyuma ya kijana mwenye kioo kidogo. Naye alitazama sura ndani ya kioo, akasema nani ni mchawi. Watu walitoa pembe zao za dawa. Mwingereza mmoja, Audrey Richards, aliyechunguza maisha ya Wabemba, aliwaonyesha wenyeji pembe 135 za namna ile. Walisema 11 tu ni za uchawi. Zile 124 zilikuwa vyombo vya dawa za kawaida.

Katika miaka ya 1960 kazi ya namna hii ilienea Ufipa, ngambo ya Tanzania ya ziwa letu, kwa jina la kamchape. Jina hilo halihitaji kufasiriwa kwa watu wa Tanganyika.

Mgeni hajui mtu. Lakini kijiji kinajua: nani ana ugomvi juu ya shamba, nani alipata samaki wengi usiku ule ambao mitumbwi mingine ilirudi mitupu, mama mzee gani anaishi peke yake. Mama yule anapokaribia, minong'ono inakatika. Macho yote yanamfuata. Kama Hans alivyosoma kichwa cha mwenye kuuliza, mgeni naye anaweza kusoma kijiji. Akinyosha kidole, watu wanapiga kelele: "Tulijua!" Ndiyo, walijua. Mgeni amewarudishia neno lao wenyewe. Na wale waliokwisha kupita salama wanapiga kelele zaidi, juu ya kuogopa kuitwa tena.

Tofauti na sokoni ni hii: pale unapoteza franka, hapa mtu anapoteza nyumba yake, pengine uhai wake.

5. Basi, tufanye nini?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye kioo peke yake hawezi kitu. Anatafuta vidole vyetu. Basi tusimpe. Usikimbie kwenda kutazama. Usiitikie kelele. Usichukue habari ile nyumbani na kuiongeza njiani. Ukiweza, mpelekee habari mkubwa mwenye hekima mbele kundi halijakusanyika, maana kundi likisha kupiga kelele, ni vigumu mtu mmoja kusikilizwa. Mjue tena kwamba sheria ya Kongo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka azabu kwa anayemshitaki mtoto kuwa mchawi. Na kumpiga au kumwua mtu ni kosa, hata kijiji kizima kikikubali.

Maswali

1. Sumaku ya Robert-Houdin ilifanya nini, na watazamaji walifanya nini?
2. Sababu gani Hans alikosea alipoulizwa na mtu asiyejua jibu?
3. Kama mwenye kioo angefungwa macho na masikio, angemtambua nani? Eleza.
4. Katika kundi la watu mia, wangapi wanatosha kunyamaza kusudi kelele ipunguke? Zungumzeni darasani.