Somo la 9: Mtu Aliyefichwa Nyumbani

Usiku mtu anabisha mlango wako. Anatetemeka. Anasema, "Nifiche, wananifuata." Unamficha darini. Punde wanafika watu wenye silaha. Wanauliza, "Yuko humu?"

Ndugu msomaji, utajibu nini? Ukisema yuko, atauawa. Ukisema hayuko, umesema uwongo, na amri za Mungu zinaukataza. Lakini Yesu alifundisha pia kwamba tumpende jirani kama nafsi zetu. Kwa hiyo Wakristo wameulizana tangu zamani: amri ikionekana kupingana na upendo, tushike lipi?

Katika mji wa Thagaste, ambao leo uko nchini Algeria, palikuwa na askofu jina lake Firmus. Alimficha mtu. Watumishi wa Kaisari walipokuja kumtafuta, Firmus aliwaambia kwamba hatasema uwongo, wala hatamtoa mtu huyo. Wakamtesa, lakini hakubadili neno. Mwishowe alipelekwa mbele ya Kaisari mwenyewe. Kaisari akastaajabu, akamsamehe yule aliyefichwa.

Habari hii iliandikwa na Augustino, aliyezaliwa mji huo huo mwaka 354. Augustino alifundisha mengi juu ya upendo. Hata hivyo alishikilia kwamba uwongo ni dhambi, hata ukiokoa maisha ya mtu.

Firmus alifaulu. Lakini Kaisari mwingine angeamuru nyumba ipekuliwe, na mambo yangeishia hapo.

Sasa twende Ufaransa, katika kijiji cha milimani kiitwacho Le Chambon-sur-Lignon. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wengi wa watu wake walikuwa Wakristo Waprotestanti, na wengi wa majirani zao walikuwa wakulima. Mababu zao waliteswa na wafalme wa Ufaransa kwa sababu ya dini. Habari za kukimbia na kujificha walizijua tangu utotoni.

Mwaka 1940 Wajerumani waliishinda Ufaransa. Serikali ya Wafaransa iliyobaki ilisaidiana nao kuwakamata Wayahudi, na Wayahudi wengi walipelekwa kwenye kambi za kuulia watu. Wengine walikimbilia Le Chambon. Mchungaji wa kijiji, André Trocmé, na mkewe Magda waliwapokea. Wanakijiji nao wakafungua milango. Watu waliwekwa majumbani, shuleni na mashambani.

Agosti 1942 polisi walikuja kumtaka Trocmé awape majina ya Wayahudi. Alikataa. Hakudanganya, wala hakuwatoa. Ni jibu lile lile la Firmus.

Lakini kukataa peke yake hakukutosha. Wakati ule chakula kilitolewa kwa mgawo, na bila kadi hupati mkate. Basi watu walitengeneza vitambulisho na kadi zenye majina ya uwongo. Watoto wa Kiyahudi walifundishwa kuitikia majina mapya. Trocmé mwenyewe, alipolazimika kujificha baadaye, alibeba kitambulisho chenye jina lisilo lake. Jambo hilo lilimsumbua moyoni. Mimi namheshimu zaidi kwa kusumbuka huko.

Wengine walilipa kwa maisha yao. Daniel Trocmé, jamaa ya mchungaji, alisimamia nyumba ya wanafunzi. Juni 1943 Wajerumani waliizingira. Angeweza kukimbia, lakini aliwafuata wanafunzi wake. Alikufa mwaka 1944 katika kambi ya Majdanek, nchini Poland.

Mwaka 1966 mwalimu wa dini wa Marekani, Joseph Fletcher, alitoa kitabu juu ya jambo hili. Alisema kwamba amri ni mashauri mema, lakini kitu kimoja tu ni chema siku zote, nacho ni upendo. Kwake, uwongo unaosemwa kwa upendo si kosa hata kidogo. Wakristo wengi walimpinga. Walisema mtu akiwa na hofu au tamaa hawezi kupima vizuri, na kwa hiyo anahitaji amri alizojifunza mapema.

Nao wana haki ya kuogopa. Fikiri juu ya mweka hazina wa ushirika aliyepoteza fedha za wanachama. Anaficha hesabu. Anasema, "Nawapenda, sitaki wahuzunike." Je, huo ni upendo? Anayekingwa ni yeye mwenyewe, na watakaolipa ni wanachama, siku ghala litakapofunguliwa na kukutwa tupu. Wanakijiji wa Le Chambon walitia shingo zao hatarini ili mgeni aishi. Kabla ya kusema kwamba umedanganya kwa upendo, tazama kwanza ni nani anayelipa.

Mwaka 1990 taifa la Israeli lilikipa kijiji hicho heshima kwa ajili ya watu kiliowaokoa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Firmus na watengenezaji wa vitambulisho walitofautiana katika nini? Walifanana katika nini?

2. Soma Kutoka, sura ya 1, habari za wakunga wa Waebrania. Walimjibu nini Farao?

3. Kwa nini Trocmé alisumbuka moyoni ingawa kitambulisho kile kilimkinga?

4. Mgonjwa mahututi anakuuliza kama atapona, nawe umeambiwa hatapona. Utamjibuje?