Tovuti yangu ilizimika Januari: leseni ya kulipia au programu huria?

Wengi mnaniuliza inboksi, "Kaka, nikitengeneza tovuti nichukue seva ya Windows au ya Linux?" Leo nawajibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Mimi nauza mabegi, fremu yangu iko jirani na Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mnajua Januari ilivyo kwetu: shule zinafunguliwa, wateja wa mikoani wanaagiza kwa dazeni. Wiki ya kwanza ya Januari 2024 tovuti ikazimika. Nampigia fundi, ananiambia seva na leseni zake hulipwa kwa mwaka, na muda umeisha. Bili dola 380. Mwaka 2022 dola hizo zilikuwa kama laki nane na themanini, safari hii zikawa laki tisa na nusu. Na hela yote ilikuwa kwenye mzigo. Siku tano duka la mtandaoni limefungwa, wateja wangu wa Mbeya na Mwanza wakanunua kwingine.

Sasa somo. Chukulia tovuti ni duka na seva ni fremu. Ndani kuna programu inayofanya kazi ya kijana wa dukani: mteja akigusa picha ya begi, yeye ndiye anakwenda stoo kulileta. Ya kulipia inayojulikana zaidi ni IIS ya Microsoft, inayokuja na Windows Server. Mara nyingi inaambatana na hifadhidata ya SQL Server, nayo ina leseni yake. Upande wa huria kuna Apache, ipo tangu 1995, na Nginx, iliyotolewa na Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004. Hizi kwa kawaida zinakaa juu ya Linux. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuurekebisha.

Usidhani huria ni ya wanyonge. Takwimu za vituo vya afya nchini zinaingia kwenye DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi kubwa. Chuo hichohicho ndicho kilichoshiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Msimbo ulikuwa wazi, hakukuwa na haja ya kumsubiri mwenye mali akubali.

Mimi bei haikuniumiza sana kama kufungwa. Tovuti yangu iliandikwa kwa ASP.NET ya zamani, inayotegemea Windows. Nilipotaka kuhamia hostingi ya Linux nikaambiwa haiwezekani, mpaka iandikwe upya. Ni sawa na kuchomelea rafu za chuma kwenye ukuta wa mwenye fremu: akipandisha kodi, rafu zinabaki kwake.

Nikaandikiwa upya kwa WordPress na WooCommerce, hifadhidata MariaDB. Ufundi laki sita, hostingi laki moja na ishirini kwa mwaka. Fundi akasema nimlipe elfu thelathini kila mwezi aiangalie. Nikamkatalia, si nimeambiwa ni bure? Miezi mitatu sikusasisha kitu, tena nikaweka plugini ya kukrakiwa niliyopewa na rafiki. Siku moja mteja ananipigia: "Boss, siku hizi unauza mikeka ya kubeti?" Tovuti ilikuwa inapeleka watu kwenye kamari! Nikamrudia fundi kwa aibu, nikamlipa miezi tisa iliyobaki.

Piga hesabu: laki tisa na tisini mwaka wa kwanza, elfu arobaini zaidi ya bili niliyoikimbia. Mwaka wa pili ndio ikashuka, laki nne na themanini. Kwa hiyo bure ni leseni tu, mtu wa kuitunza utamlipa.

Na hata kwenye Linux leseni zinaweza kujificha. Hostingi nyingi zinatumia cPanel, ambayo ni ya kulipia. Mwaka 2019 wenyewe walibadilisha malipo yakahesabiwa kwa idadi ya akaunti, na kampuni nyingi za hostingi duniani zikajikuta na bili kubwa zaidi.

Ya kulipia nayo ina mahali pake. Kama programu yako ya stoo na hesabu inafanya kazi Windows tu na inaongea moja kwa moja na tovuti, baki huko, ila bajeti yake iwe ya dola na uitenge kuanzia Septemba, kabla hujaagiza mzigo wa Januari. Na kama unauza vipande kumi kwa wiki, WhatsApp na Instagram bado zinakutosha kabisa.

Kabla hujalipa, muulize fundi mambo haya akujibu kwa maandishi: jina la .co.tz limesajiliwa kwa jina la nani, nywila anazo nani, nakala ya akiba iko wapi, na je, tovuti inaweza kuhamia hostingi nyingine bila kuandikwa upya? Ya kwangu napakua nakala kila Jumapili jioni kwenye flashi, inakaa kwenye droo pamoja na karatasi za mashine ya EFD.