Dondoo muhimu: Mfupa ukihitaji chuma

Mzigo umekuangukia mguuni kwenye ghala la Zone Industrielle, Bujumbura, na daktari wa Hospitali ya Prince Régent Charles anasema mfupa utatiwa chuma? Usile kwa muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, hata uji. Taja dawa zote unazotumia, za miti shamba pia. Ukichomwa sindano ya ganzi ya mgongoni, unaweza kusikia vyuma vikigongana. Usiogope, maumivu hayatakuwepo.

Kisha chunga vidole vya mguu. Vikipoa, vikipauka au vikifa ganzi, au maumivu yakizidi licha ya dawa, mwite muuguzi papo hapo, hata usiku, tafadhali: huenda damu haipiti.

Mfupa wa muundi huunga kwa miezi 3 hadi 6, sigara huuchelewesha. Usibebe gunia kabla eksirei haijathibitisha kuwa mfupa umeunga.